Chapeo ya kuvua na kuvika kwa mwanasesere wa sentimita 10: nifinyange kwa kutumia nini?

Mfinyanzi_Mgeni

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nina mwanasesere wa plastiki mwenye viungo vinavyokunjika, na urefu wake unakaribia sentimita 10. Kichwa chake kimetengenezwa kwa plastiki laini ambayo hubonyea kidogo inapobanwa kwa vidole, ilhali kiwiliwili, mikono na miguu ni ya plastiki ngumu. Ninakusudia kumgeuza awe askari wa kale wa kubuniwa, na kwa sababu hiyo ninahitaji kumfinyangia vitu vitatu ambavyo havipatikani vikiwa tayari: chapeo inayoweza kuvuliwa na kuvikwa tena, deraya ndogo za kufunika mabega, na joho fupi la mgongoni.

Kuhusu rangi sina wasiwasi, kwa kuwa nimezoea kupaka rangi za akriliki kwa brashi nyembamba. Kinachonitatiza ni ufinyanzi wenyewe. Katika kazi nyingi nilizozitazama, chapeo iliyofinyangwa kwa mkono huwa nene mno, kiasi kwamba mwanasesere huonekana amefunikwa chungu kichwani, na ile iliyo nyembamba haivuliki bila kupasuka. Ningependa kufahamu ni udongo au puti ya aina gani inayofaa kwa kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu, iwapo inawezekana kufinyanga moja kwa moja juu ya mwanasesere bila kumharibu, na namna ya kuhakikisha kwamba mabega yake yataendelea kuzunguka baada ya kuvikwa deraya. Sihitaji njia ya kompyuta na mashine ya kuchapisha maumbo, kwani ninapenda kufanya kazi kwa vidole vyangu.

Puti_na_Sindano

Ndugu Mfinyanzi, karibu sana. Nianze na unene, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Mwanasesere wa sentimita 10 anamwakilisha mtu mwenye kimo cha mita 1.8, yaani amepunguzwa mara 18. Kwa hesabu hiyo, kila milimita moja ya puti unayoiweka kichwani mwake ni sawa na milimita 18 kwenye kichwa cha mtu halisi, na chapeo yenye unene wa milimita 2, ambao vidole vyako vitauhisi kuwa mwembamba sana, ni sawa na ukuta wa karibu sentimita 4. Jicho hulitambua kosa hilo mara moja, hata kama mtazamaji hawezi kueleza kilichomkera. Lenga milimita 1 juu ya utosi, kisha upunguze unene polepole kuelekea ukingoni. Mtazamaji hana njia ya kupima unene wa utosi. Anachokiona ni ukingo wa chini tu, na ndio anaoutumia kukadiria chapeo nzima. Kwa hiyo chapeo yenye milimita 1.2 juu na nusu milimita ukingoni huonekana nyembamba kuliko ile yenye milimita 0.8 kila mahali.

Kwa kazi hii ninapendekeza puti ya epoksi, ile inayouzwa ikiwa katika sehemu mbili ambazo hukandwa pamoja na kuganda zenyewe bila kuchomwa. Puti hizi hazifanani. Green Stuff, yenye utepe wa manjano na wa buluu, hubaki na unyumbufu kidogo hata baada ya kukauka kabisa. Ukizidisha manjano huwa laini na yenye kunyumbuka zaidi, na ukizidisha buluu huwa ngumu zaidi. Milliput hukauka ikawa ngumu kweli, hukubali msasa na kisu, na ikiwa mbichi unaweza kuilainisha kwa kidole kilicholowa maji, lakini ikiwa nyembamba huvunjika kwa urahisi. Mafundi wengi huzichanganya nusu kwa nusu, baada ya kila moja kukandwa peke yake hadi rangi iwe moja, ili wapate puti inayopigika msasa bila kuvunjika ovyo. Mchanganyiko huo ndio ningeutumia kwa chapeo yako. Ukinunua utepe ambao rangi zake mbili zimegusana katikati, kata mstari huo wa katikati na uutupe, kwa sababu hapo puti ilikwisha anza kuganda ikiwa dukani na itakuachia punje ngumu ndani ya kazi.

Osha kichwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kisha kifunike kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, ukiivuta hadi mikunjo yote ikusanyike shingoni. Wengine hupaka vaselini badala ya nailoni, nayo hufaa, lakini nailoni ina faida ya ziada: unene wake mdogo unaacha nafasi ambayo baadaye italiwa na rangi. Tandaza puti juu ya karatasi laini ya plastiki iliyopakwa vaselini, ukiiviringisha kwa kijiti cha mviringo kati ya vipande viwili vya kadibodi vyenye unene unaoutaka. Kijiti kikishakanyaga kadibodi hakiwezi kushuka zaidi, na utando wote utatoka na unene mmoja. Usiuvike kichwani papo hapo. Uache nusu saa hivi, au zaidi ikiwa chumba kina baridi, hadi upoteze kunata, ndipo uulaze juu ya kichwa na kuukandamiza kutoka utosini kushuka chini.

Kuanzia hapo usiharakishe. Hali ya puti hubadilika kadiri saa zinavyopita, na kila hali ina kazi yake. Ikiwa mbichi hufaa kuunganisha kipande na kipande. Ikiwa imetulia kidogo hushika umbo. Inapofikia hali ya mpira, kwa kawaida baada ya saa mbili au tatu, hukatika vizuri kwa wembe na unaweza kuivua bila kuirarua. Na baada ya saa 24 huwa tayari kwa msasa. Anayetaka kumaliza umbo, mapambo na ukingo kwa mkao mmoja hubonyeza alichokifanya mwanzo kwa kidole anachoshikilia anachokifanya mwisho. Ili ujue puti imefikia hatua gani bila kuigusa kazi yenyewe, weka pembeni kijibonge cha mchanganyiko uleule na ukijaribu hicho.

Ivue chapeo ikiwa katika hali ya mpira, ukate ukingo, uirudishe kichwani juu ya nailoni, na uiache ikauke hapohapo ili isijikunje. Mapambo yafuate siku nyingine, juu ya ganda lililokwisha kuwa gumu. Misumari midogo ya kwenye mabamba hutengenezwa kwa sindano ya hospitali iliyokatwa ncha: ukiibonyeza kwenye puti mbichi huacha duara kamili, dogo kuliko lile ambalo mkono wowote ungeweza kulichora. Na uvae glavu za nitrili kila unapokanda, kwa sababu rezini ya epoksi inaweza kusababisha mzio wa ngozi ambao ukishaanza hauondoki.

Oveni_Ndogo

Nakubaliana na mengi ya ndugu Puti_na_Sindano, hasa hesabu ya unene, ila naona amelipita haraka jambo moja. Puti ya epoksi humlazimisha mfinyanzi kufuata saa yake. Mtu anayeanza huhitaji muda wa kutazama, kufuta na kurudia, na udongo wa polima, kama vile Super Sculpey au Fimo, humpa muda huo bila kikomo, kwa kuwa hauwi mgumu hadi uingie ovenini. Uso wa chapeo wenye pua, mashavu na kishungi cha manyoya unaweza kufinyangwa leo, ukaachwa chini ya kifuniko, ukarekebishwa wiki ijayo.

Masharti yake ni mawili, nayo hayana mjadala. Kwanza, usiuoke juu ya mwanasesere. Udongo huu huokwa katika joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi kutegemea aina, na plastiki ngumu ya kiwiliwili huanza kulegea katika nyuzi 100 na kidogo, ilhali ile laini ya kichwani hulegea mapema zaidi. Pili, usiuache ukiwa mbichi juu ya plastiki kwa muda mrefu, kwa sababu una kemikali za kulainisha ambazo huhamia kwenye plastiki iliyo jirani, na baadhi ya plastiki ngumu hunata na hata kuyeyuka zinapoguswa nazo.

Njia ya kuyakwepa yote mawili ni kutofanyia kazi kichwa chenyewe. Zipo plastiki zinazolainika katika maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi na kuwa ngumu tena zinapopoa. Bonyeza kichwa cha mwanasesere kwenye kipande cha plastiki hiyo, kiache kipoe, kitoe, kisha ujaze puti ya epoksi katika shimo lililobaki. Baada ya siku moja una nakala ya kichwa ambayo huvumilia joto la oveni bila wasiwasi, nawe unaweza kufinyanga juu yake, kuoka juu yake, na kuichoma sindano upendavyo huku mwanasesere wako akiwa salama kabatini. Kuna tahadhari moja: nakala za namna hii mara nyingi hutoka ndogo kuliko asili kwa kiasi kidogo sana, na chapeo iliyofinyangwa juu ya kichwa kilichopungua haitaingia kwenye kichwa halisi. Ipake nakala rangi tabaka mbili au tatu kabla ya kuanza, ili uirudishie ukubwa uliopotea na kuongeza nafasi kidogo.

Kipimajoto cha ndani ya oveni ni cha lazima, kwa kuwa namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni hazitegemeki. Udongo uliookwa kwa joto pungufu huonekana sawa lakini huvunjika vipandevipande, na ule ulioungua hutoa mvuke wenye sumu.

Mfinyanzi_Mgeni

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeelewa kwamba nianze na ganda jembamba la puti iliyochanganywa, na hoja ya nakala ya kichwa imenivutia kwa kuwa sitaki kukihatarisha kichwa halisi.

Yamebaki maswali mawili. Chapeo ninayoitaka ina mabamba ya kufunika mashavu yanayofika karibu na kidevu, nami sioni jinsi itakavyopita puani na kidevuni inapovuliwa ikiwa imekwisha kuwa ngumu. Na bado sijapata jibu kuhusu mabega. Mkono wa mwanasesere huyu huzunguka mbele na nyuma, tena hupanda kando hadi kuwa sambamba na bega, na sitaki kuupoteza mwendo huo.

Viungo_Kwanza

Ndugu Mfinyanzi, swali lako la mabega lilipaswa kujibiwa kabla ya lile la puti, kwa maana kipande kizuri kinachofunga kiungo humgeuza mwanasesere kuwa sanamu ya kuwekwa rafuni tu.

Kabla hujakanda chochote, chukua penseli laini. Peleka mkono hadi mwisho wa kila mwelekeo, na kila unapofika mwisho chora mstari mwembamba mahali ambapo sehemu inayosogea inakutana na isiyosogea. Ukimaliza utakuwa na ramani juu ya plastiki: upande mmoja wa mistari hiyo puti inaruhusiwa, upande mwingine hairuhusiwi hata kwa unywele. Watu wengi hushangazwa na udogo wa eneo linaloruhusiwa. Kwa bega linalopanda kando, jambo la kuamua ni deraya itafuata mkono au itafuata kiwiliwili. Ikishikamana na mkono, itagonga shingo mkono unapopanda, isipokuwa ukingo wake wa juu uwe mfupi. Ikishikamana na kiwiliwili, itauzuia mkono usipande kabisa. Suluhisho ambalo mimi hulipenda ni la tatu: deraya isishikamane na chochote kwa ugumu, bali ining'inie kwenye kipande chembamba cha puti yenye manjano mengi, inayonyumbuka, kilichobandikwa karibu na shingo. Mkono ukipanda huisukuma deraya juu. Ukishuka, deraya hurudi. Hata deraya za chuma za kale zilifungwa kwa mikanda ya ngozi kwa sababu hiyohiyo.

Acha nafasi ya nusu milimita kati ya deraya na mkono. Rangi ya msingi, rangi yenyewe na vanishi, kila kimoja kina unene wake, na pande mbili zinazosuguana zote hupakwa. Nafasi iliyoonekana kubwa wakati wa ufinyanzi huwa imekwisha siku ya kumaliza. Mahali ambapo msuguano hauepukiki usipake rangi kabisa. Tafuta puti yenye rangi inayokaribia ile unayoitaka, au changanya unga wa rangi ndani ya puti yenyewe, ili ikikwaruzika kisionekane kitu cheupe chini yake.

Ikiwa utabandika kitu moja kwa moja kwenye plastiki, usiitegemee gundi peke yake. Kwaruza eneo kwa msasa, toboa kitundu cha milimita 1 kwa kekee ndogo ya mkono, ingiza kipande cha waya, na ufinyange kukizunguka. Pini za viungo nazo mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki yenye utelezi ambayo haishiki gundi wala rangi, kwa hiyo usipoteze muda kuzipaka.

Sasa mashavu. Kipande kigumu hakiwezi kupita juu ya sehemu iliyo pana kuliko mlango wake. Huo ni ukweli ambao hakuna puti itakayoubadilisha. Una njia tatu za kutokea. Unaweza kuyapanua mabamba kidogo nje ya mashavu ili chapeo ishuke wima bila kugusa pua, jambo ambalo huongeza upana wa uso na kuturudisha kwenye lawama ya chungu. Unaweza kuyafinyanga mabamba yenyewe kwa puti inayonyumbuka huku ganda la juu likiwa gumu, yakawa yanafunguka kidogo wakati wa kuvika. Au, na hii ndiyo ningeichagua, gawanya chapeo ipite mbele ya masikio: nusu ya nyuma na utosi kipande kimoja, uso na mashavu kipande cha pili, na kati yao sumaku mbili ndogo zilizofichwa kwenye paji. Mstari wa mgawanyo uufanye uonekane kama ukingo wa bamba, wala hakuna atakayeutilia shaka.

Ukitumia sumaku, weka alama ya wino upande unaovutana kabla ya kuzibandika, kwa sababu sumaku iliyogeuzwa ndani ya puti iliyokauka haigeuziki tena. Na ndugu Oveni_Ndogo atakubali kwamba zisiingie ovenini: sumaku za kawaida za neodimiamu hupoteza nguvu zinapopita nyuzi 80 hivi. Finyanga shimo, oka, kisha uzibandike kwa supaglu.

Kalibu_Mbili

Nimesoma mjadala huu kwa makini, nami nina neno kuhusu deraya za mabegani ambalo halijaguswa. Zinahitajika mbili, na ni vigumu mno kufinyanga vitu viwili vilivyo sawa katika ukubwa huu. Njia iliyozoeleka ni kufinyanga kimoja, kukitengenezea kalibu ya silikoni, na kusubu nakala kwa rezini. Hata hivyo nakala ya deraya ya kushoto ni deraya ya kushoto. Kalibu haigeuzi kitu upande, na ikiwa umeipa ukingo unaopinda kuelekea mbele, nakala yake ikivikwa bega la kulia itapinda kuelekea nyuma. Kwa hiyo finyanga deraya ambayo upande wake wa mbele na wa nyuma unalingana, yenye mstari wa katikati unaoshuka juu ya bega. Hapo kipande kimoja hufaa pande zote mbili.

Kioo kidogo cha mkononi kitakusaidia hapa kuliko rula. Kiweke wima kwenye mstari huo wa katikati na utazame nusu pamoja na taswira yake, kisha ukigeuze utazame nusu ya pili. Tofauti ambayo jicho lilikuwa limeizoea na kuisamehe hujitokeza papo hapo. Picha ya simu iliyogeuzwa kushoto kulia hufanya kazi ileile kwa chapeo.

Kwa kuwa deraya ni kipande chenye mgongo wa mbinuko na tumbo lililobonyea, kalibu ya vipande viwili ndiyo inayofaa. Ilaze deraya ndani ya udongo hadi nusu, toboa vishimo vichache pembeni ili pande mbili za kalibu zijue mahali pa kukutania, na umimine silikoni polepole kutoka pembe moja ya kisanduku, ipande yenyewe juu ya kipande badala ya kuangukia juu yake. Silikoni ikishaganda, geuza, ondoa udongo, paka vaselini au dawa ya kuachanisha kwenye uso wote wa silikoni ya kwanza, kisha umimine ya pili. Hatua hiyo ya kupaka haina msamaha, kwani silikoni haishikamani na karibu kitu chochote isipokuwa silikoni nyenzake.

Ukinunua silikoni ya aina inayoganda kwa platini, chunguza udongo unaoulazia. Udongo wenye salfa huizuia isigande, ikabaki uji unaonata palepale ilipogusa kazi yako. Glavu za mpira wa asili huwa na madhara hayohayo, na hii ni sababu nyingine ya kuvaa zile za nitrili. Silikoni zinazoganda kwa bati haziko hivyo, lakini kalibu zake hupungua ukubwa kadiri muda unavyopita, na kwa kipande kinachopaswa kukaa juu ya bega lenye kipimo maalumu hilo ni jambo la kuzingatiwa.

Rezini za poliyurithani huganda haraka, nyingine ndani ya dakika chache baada ya kuchanganywa, kwa hiyo kila kitu kiwe mezani kabla ya kufungua chupa. Huchukia unyevu: tone la maji ndani ya kikombe hutosha kuijaza rezini mapovu. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa ya kutosha. Kuhusu vumbi la msasa, liwe la rezini au la puti, njia iliyo bora ni kupiga msasa ndani ya maji, kuanzia namba 400 hadi 1000, ili vumbi lisiruke kabisa.

Puti_na_Sindano

Ndugu Kalibu_Mbili ameeleza vizuri, lakini kwa jozi moja tu ya deraya ninaona gharama na kazi ya kalibu mbili za silikoni ni kubwa mno. Plastiki ile ya maji ya moto aliyoitaja ndugu Oveni_Ndogo hutosha. Finyanga deraya moja kwa Milliput, ikauke, ibonyeze kwenye plastiki hiyo upande wa nje, kisha ubonyeze puti mbichi ndani ya alama iliyobaki. Upande wa ndani hautaonekana na unaweza kuurekebisha kwa kisu. Silikoni na rezini vina nafasi yake pale mtu anapohitaji nakala nyingi, au anapotaka kuiweka kazi ya kwanza kama akiba.

Ninarudi kwa sababu joho limesahauliwa na kila mtu, nami naona ndilo rahisi kuliko vyote. Tandaza Green Stuff hadi nusu milimita kwa kadibodi zilezile, iache karibu saa moja, kata umbo kwa wembe, kisha ulitundike mgongoni juu ya nailoni na upange mikunjo kwa mpini wa brashi uliopakwa vaselini. Mikunjo yote ianzie mahali kitambaa kinaposhikiliwa, yaani mabegani, na ipanuke inaposhuka. Mikunjo inayoanza hewani katikati ya mgongo ndiyo inayolifanya joho lionekane bandia. Usijaribu kulipiga msasa baadaye, kwa kuwa puti hii ikikauka huchanika nyuzinyuzi badala ya kulainika. Ulaini wote upatikane ikiwa mbichi, kwa brashi ya silikoni na maji. Na ukitaka mwanasesere aweze kuketi, ukate ukingo wa chini juu ya nyonga.

Mfinyanzi_Mgeni

Nimeamua. Nitatengeneza nakala ya kichwa, chapeo itakuwa ya vipande viwili yenye sumaku, deraya zitaning'inia kama alivyoelekeza ndugu Viungo_Kwanza, na joho nitalianza wikendi hii kwa kuwa ndilo lisilo na vikwazo vingi. Swali la mwisho: je, ndani ya chapeo nipake rangi?

Viungo_Kwanza

Usipake. Hapo ndipo kila tabaka la rangi litakapokwangua paji la mwanasesere na kuacha alama juu ya nyusi zake. Kanda unga mweusi wa rangi ndani ya puti ya ganda tangu mwanzo, paka nje pekee, na upeleke rangi ya nje hadi milimita moja ndani ya ukingo, basi. Vanishi ikishapakwa, subiri siku nzima kabla ya kuivika, kwa sababu plastiki laini ya kichwani ina kemikali za kulainisha ambazo hufanya rangi isiyokauka vizuri inate juu yake. Na iwapo kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, kipande cha uso chenye sumaku kisiachwe mahali anapoweza kukifikia, kwa kuwa sumaku hizo zikimezwa zaidi ya moja huvutana ndani ya utumbo na kuujeruhi vibaya.